Habari Ambayo Phelesia Alikataa Kuisoma

Watu wa Migori wanamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Akienda sokoni na kuuliza bei ya nyanya, muuzaji huinua kichwa ghafla. "Wewe si yule wa nyota?" Naye hujibu kwamba ndiye, kisha huuliza tena bei ya nyanya.

Jina lake ni Phelesia Awuor, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano. Mimi naitwa Levis. Kwa miaka minne nilikuwa fundi mitambo katika Redio Mwalo, stesheni ndogo iliyokuwa juu ya duka la mbolea mjini Migori. Phelesia alikaa upande wa pili wa kioo, na mimi nilikaa upande huu nikishika vitufe. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona nilielezwa na yeye, na Phelesia si mtu wa kutia chumvi.

Alikuja kuomba kazi akiwa na shahada ya fizikia ndani ya bahasha ya kaki. Meneja wetu, Mzee Bogonko, aliisoma ile karatasi akiwa ameishika mbali na macho.

"Fizikia," akasema. "Hapa nataka mtu wa kusoma matangazo ya vifo."

Asicheke mtu. Katika redio za kwetu hakuna kipindi kinachosikilizwa kama matangazo ya vifo. Saa saba kasoro robo mchana, kuanzia Kisegi ufuoni mwa ziwa mpaka Ntimaru huko Kuria, watu huacha walichokuwa wakifanya wapate kujua nani amefariki, atazikwa wapi na siku gani.

"Nitayasoma," Phelesia akajibu. "Lakini nataka robo saa kila wiki ya mambo ya sayansi na anga."

"Ya nini?"

"Kuna vitu watu wanaviona kila siku na hakuna anayewaeleza."

Bogonko alicheka mpaka akakohoa. Akampa Alhamisi saa nane, saa ambayo kila aliyeshiba ugali anasinzia. Nadhani alitaka achoke haraka.

Hakuchoka. Alieleza kwa nini radi za ziwani zinaua watu wengi namna ile, na ile nuru inayopita angani jioni bila mlio ni kitu gani, kwamba ni kituo cha anga na ndani yake kuna watu wanaokula na kulala. Siku hiyo mhubiri mmoja alipiga simu akasema binti anakufuru. Phelesia akamwomba atoke nje baada ya siku mbili, saa moja na dakika kumi na mbili jioni, atazame upande wa Tanzania. Mhubiri akatoka. Hakupiga simu tena, lakini mkewe alipiga, akisema nuru ilifika dakika ileile. Watu wa ziwani wakampa Phelesia jina la kejeli, Nyar Polo, binti wa mbinguni. Baada ya muda kejeli ikapungua, jina likabaki.

Alikosea pia. Mwaka wa pili aliwaambia wasikilizaji kwamba vimondo vingeonekana Jumanne, na familia nzima za Kuria Mashariki zikakaa uani zikitazama anga tupu. Alhamisi iliyofuata alifungua maikrofoni na kusema, "Wiki iliyopita niliwakosesha usingizi bure. Nilisoma tarehe vibaya. Kosa ni langu." Bogonko aliingia studio akiwa na macho mekundu.

"Redio haikosei!"

"Mzee, redio ikikosea ikanyamaza, huo sasa ni uongo."

Aliyemsumbua zaidi hakuwa Bogonko. Alikuwa kaka yake, Gordon. Baba yao alipokufa, Phelesia akiwa darasa la tano, Gordon aliacha shule kidato cha pili, akaingia ziwani kuvua omena, dagaa wa ziwa letu, ili dada yake asome. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kutarajia jambo, na alilotarajia ni muuguzi au mwalimu mwenye barua ya serikali. Aliposikia kwamba dada yake anatangaza habari za mwezi, alipanda mashua mpaka Mbita, akaja Migori.

"Sikuacha shule ili ukae hapa ukipiga domo juu ya mwezi," akamwambia mbele yetu sote.

"Owadwa, kaka yangu, uliacha shule ili mimi nisome. Nimesoma. Hiki ndicho nilichosoma."

Gordon aliondoka bila kunywa soda tuliyomfungulia. Hata hivyo walipendana, na kila Krismasi Phelesia alikwenda kwake. Kufikia wakati huo Gordon alikuwa ameacha omena. Yeye na wenzake wa kanisa walikuwa wameunda chama, wakatandaza vizimba vya nyavu vya kufugia samaki aina ya ngege katika ghuba karibu na Kisegi. Vilikuwa arobaini na vitatu, na Gordon ndiye mwenyekiti.

Mwaka uliotangulia mambo haya, Phelesia alihudhuria mafunzo ya wanahabari kule Kisumu. Huko alijifunza kwamba kuna setilaiti zinazopita juu ya ziwa letu kila baada ya siku chache na kulipiga picha, na kwamba picha hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye mtandao. Aliporudi hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Kila Jumatatu asubuhi alifungua picha mpya ya ziwa kwenye kompyuta ya ofisi, akalitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyeamka na homa. Aliniita nione. "Hapa ni udongo wa mto Kuja. Hapa ni gugumaji. Na hii kijani hapa, Levis, hii siipendi."

Mwezi wa Julai, baada ya siku tatu za upepo wa baridi, samaki wakafa.

Ilikuwa Jumanne. Kulipokucha, ngege wote katika vizimba vya Kisegi walikuwa wanaelea matumbo juu. Aliyewaona kwanza ni mlinzi, mwanamume wa Ntimaru aitwaye Maranga, ambaye alilala kwenye kibanda cha mbao juu ya maboya. Ndiye aliyepiga kelele kuita watu. Watu walipofika wakaanza kuulizana nani alikuwa hapa usiku kucha, na jibu lilikuwa mtu mmoja tu, tena mgeni, Mkuria. Wakapekua kibanda chake. Chini ya kitanda wakapata chupa ya dawa ya kupe, nusu imetumika. Walimpiga mpaka polisi walipokuja kumtoa mikononi mwao, wakamfungia kituoni.

Asubuhi ya Jumatano Bogonko alikuwa ameshaandika habari kwa mkono wake. Akamwekea Phelesia mezani. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mlinzi Mkuria alikuwa ametia sumu ziwani na kuua samaki wa wananchi.

Phelesia aliisoma kimyakimya mara mbili. "Nani amepima maji?"

"Chupa imepatikana."

"Nimeuliza, nani amepima maji?"

"Awuor, kila simu mjini inasema ni sumu. Kaka yako mwenyewe amenipigia asubuhi hii. Ameumia. Soma."

"Sisomi."

"Umesema?"

"Nimesema sisomi, Mzee. Nitasoma kwamba samaki wamekufa na mtu ameshikwa. Hii ya kutia sumu hakuna anayeijua bado. Hata wewe huijui."

Bogonko akachukua ile karatasi, akaingia studio, akaisoma mwenyewe. Mimi ndimi niliyemfungulia maikrofoni. Sijivunii hilo.

Wakati anasoma, Phelesia alikuwa mbele ya kompyuta. Picha mpya ilikuwa ya Jumatatu, siku moja kabla ya samaki kufa, na anga lilikuwa safi. Aliniita, nikainama nyuma ya kiti chake. Ghuba ya Kisegi, ambayo wiki mbili nyuma ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ilikuwa kijani tupu. Zulia la mwani lilianzia ufuoni likaenda mpaka karibu na Mfangano. Vizimba vya Gordon vilionekana kama punje za mtama zilizoanguka katikati ya zulia.

"Mwani ukizidi na ukaanza kufa unaoza," akanieleza. "Ukioza unakula hewa yote ndani ya maji. Halafu upepo wa baridi unageuza ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu. Samaki aliye huru anakimbia. Aliye kizimbani atakimbilia wapi?"

"Kwa hivyo si sumu?"

"Picha haiwezi kusema si sumu. Inasema tu kuna kitu kikubwa kuliko chupa. Lazima niende."

Kabla hatujaenda, siku ya Alhamisi, alikuja Nyamusi, mke wa Maranga. Alikuwa ameondoka Ntimaru alfajiri, mtoto mgongoni, akauliza mtaani redio iko wapi. Alikaa kwenye benchi letu la wageni na kutuuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani hapa amesema bwana yangu ni muuaji?"

Bogonko alikuwa ameingia chooni na hakutoka kwa muda mrefu. Phelesia akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama, ile dawa ya kupe ilikuwa ya nini?"

"Ni mimi nilimtuma. Tuna ng'ombe wanne. Kule Kisegi dawa ni rahisi kuliko kwetu. Nusu alileta mwisho wa mwezi, nusu angeleta sasa." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Wamemvunja mkono. Nimemwona kituoni. Anaulizia ng'ombe."

Mchana huo Bogonko akatangaza kwamba kipindi cha Alhamisi kimesimamishwa hadi mambo yatulie. Phelesia hakubishana. Ijumaa aliomba ruhusa ya kwenda kliniki, nami nikaomba ya kumpeleka. Tukapanda pikipiki ya stesheni, tukashika njia ya Kisegi.

Ufuoni harufu ilikupokea kabla ya watu. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mzee mrefu aitwaye Zadock, alitufuata kwa hatua kubwa. Akasema hawataki redio hapo. Phelesia akamsalimia kwa Dholuo, akamuuliza habari za mkewe, kisha akamuuliza swali moja tu, la samaki gani wamekufa nje ya vizimba.

Zadock akashangaa. "Mbuta. Wengi sana. Wamejaa kule kwenye mawe."

"Na kamongo?"

Mzee akafikiri. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nyavu alijibu badala yake. "Kamongo wako hai. Jana nimenunua wawili, wanarukaruka."

Phelesia akageuka kwangu na macho yake yaling'aa. Kila mtu wa ziwani anajua kwamba kamongo hupanda juu kuvuta hewa kama mtu, na anaweza kuishi kwenye tope. Mbuta ndiye wa kwanza kufa maji yanapokosa hewa. Alitembea ufuo ule wote, kisha ufuo wa pili, kisha wa tatu, kilomita kama tisa, viatu mkononi. Kila mahali mbuta walikuwa wamelala kwenye mawe. Chupa moja ya dawa ya kupe haiwezi kutembea hivyo.

Kwenye ufuo wa tatu tulimkuta mtaalamu wa maji, Emmaculate, akifunga vifaa vyake kwenye sanduku. Alikuwa ametoka ziwani kupima.

"Siruhusiwi kuongea na redio," akasema kabla hatujafungua midomo. "Mpaka barua itoke juu."

"Usiongee na redio. Nirekebishe tu nisije nikakosea." Phelesia akamwonyesha ile picha kwenye simu, akamweleza anavyoelewa, neno kwa neno.

Emmaculate alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua sanduku tena, akatoa daftari, akalishika wazi mbele yetu huku yeye mwenyewe akiangalia ziwa. Ghuba nzima, kipimo cha hewa kilikuwa karibu na sifuri. "Hujakosea," akasema. Akafunga daftari. "Na wale walioambiwa wapeleke vizimba kwenye kina na wapunguze samaki wanajijua."

Tuliacha pikipiki ufuoni, tukavuka kwa mashua mpaka kwa Gordon, Mfangano. Nilibaki chini ya paa la jikoni lakini nilisikia kila kitu, maana hawakuwa wakinong'ona.

"Uliambiwa uvipeleke kwenye kina?" Phelesia akauliza.

"Nani amekwambia?"

"Jibu, owadwa."

"Kina ni mbali. Petroli ni ghali, wezi ni wengi. Kila mtu anaweka hapa."

"Na samaki wangapi katika kila kizimba?"

Nikamsikia Gordon akisogeza kiti. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nyaminwa, dada yangu, sikiliza. Wajane wa kanisa wameweka jasho lao kwangu. Nikiwaambia ni sumu, tunalia pamoja. Nikiwaambia ni upepo na maji, watauliza nani aliyechagua haya maji. Unaelewa? Wataniuliza mimi."

"Ninaelewa. Lakini kuna mtu amevunjwa mkono."

"Huyo simjui hata ukoo wake! Mimi unanijua. Mimi ndiye niliyekulipia kila kitu, mpaka hicho kizungu chako cha setilaiti."

"Ndiyo. Na ulinilipia ili nijue kusoma. Sasa nimesoma, unataka nijifanye kipofu?"

"Ukisema hayo redioni, hapa kwangu usije tena."

Kisha nikamsikia dada yake akisema, "Nitasema. Na nitakuja. Ukinifungia mlango nitakaa nje."

Alilia kwenye pikipiki, njiani kurudi. Nilihisi mgongoni mwangu, lakini sikugeuka, na hakutaka nigeuke.

Jumatatu alifika kazini kama kawaida. Bogonko alikuwa amesikia tulikokwenda. Akamwonya mlangoni kwamba neno moja la ziwa likimtoka atafute kazi nyingine. Phelesia akasema amesikia. Saa saba kasoro robo aliingia studio na matangazo yake ya vifo. Alikuwa na majina saba. Alisoma yote saba polepole, kwa heshima, kama alivyosoma siku zote. Kisha hakufunga kipindi. Alivuta karatasi nyingine kutoka chini.

"Msikilizaji, wiki iliyopita redio hii ilikwambia kwamba mlinzi wa vizimba vya Kisegi ametia sumu ziwani. Hatukuwa tunajua hivyo. Nitakueleza tunachojua."

Nikatazama vitufe. Kumkata kungechukua sekunde moja. Bogonko alikuwa ameshafika kwenye dirisha la kioo, anapiga kioo kwa kiganja, na mdomo wake ulikuwa unaniambia kata, kata. Nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya magoti.

Alieleza picha ya setilaiti na ilipigwa lini. Alieleza mwani, upepo, hewa iliyokwisha majini. Alitaja mbuta waliokufa kilomita tisa na kamongo waliobaki hai, na akawaambia watu wa ziwani wapime jambo hilo wenyewe kwa akili zao, kwani wanamjua kamongo kuliko yeye. Alisema kuna mtaalamu aliyepima ambaye hakutaka kutajwa. Alisema bado kuna vipimo vya sumu havijarudi, na kama vitarudi na jibu tofauti atakuja kulisoma. Kisha akasema, "Vizimba hivyo viliwekwa mahali pa kina kifupi, na samaki walikuwa wengi mno. Mwenyekiti wa chama hicho ni kaka yangu wa kuzaliwa. Ndiye aliyenisomesha. Nasema hivi nikijua hivyo, na wewe ujue."

Akafunga. Dakika sita na nusu kwa saa yangu.

Alifukuzwa kazi kabla ya saa nane. Mimi nilipewa notisi ya wiki mbili. Lakini simu zilikuwa zimeanza kuingia na hazikukoma mpaka jioni. Mvuvi mmoja alipiga kutoka upande wa Tanzania akasema mbuta wamekufa hata kwao, na huko hakuna Maranga. Zadock, yule wa kamati ya ufuo, alipiga akasema kamongo hai alimwona mwenyewe. Mwingine alipiga kumtukana Phelesia kwamba ameuza damu yake kwa ajili ya mgeni. Bogonko alipokea ile, akasikiliza, akakata.

Sitasema kwamba redio ilimtoa Maranga ndani. Alikaa huko siku kumi na moja. Vipimo viliporudi bila sumu ndipo wakamfungulia, kimyakimya, bila mtu kusema samahani. Alirudi Ntimaru na mkono wake umefungwa na hajatia mguu tena ziwani. Nyamusi alimpigia Phelesia simu. Alisema tu kwamba bwana yake amefika.

Gordon alifunga mlango kama alivyoahidi. Krismasi ile Phelesia alikwenda, akakaa nje kwenye kigogo, akala chakula alichobeba mwenyewe, akarudi na mashua ya jioni. Pasaka akaenda tena. Mara ya tatu wifi yake akamletea kiti, na mwishowe Gordon mwenyewe akatoka, akakaa mkabala naye, wakazungumza juu ya kaburi la baba yao linalohitaji saruji. Habari za samaki hawakuzigusa. Lakini vizimba vilivyobaki, nimesikia kwa Zadock, vimehamishiwa kwenye kina.

Phelesia sasa hana mwajiri. Huandikia magazeti ya Nairobi na majarida ya sayansi ya nje, na kila Jumatatu hurekodi kwenye simu taarifa fupi juu ya rangi ya ziwa, kwa Dholuo na kwa Kiswahili. Kamati za ufuo huipitisha kwenye makundi yao ya simu kabla watu hawajaingia majini. Bogonko alimwita arudi, akampa kipindi cha asubuhi. Phelesia akauliza kama ataruhusiwa kusema redio ikikosea. Bogonko akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Mwezi uliopita mkutano mmoja kuhusu ziwa uliitwa Homa Bay, na afisa mmoja mwenye tai akamuuliza mbele ya watu ni nani aliyempa kibali cha kuchunguza maji ya serikali kutoka juu. Akajibu kwamba picha ni za kila mtu, akamwandikia anwani ya mtandao kwenye kipande cha karatasi, akampelekea mpaka mezani pake.

Wiki hii amepokea barua ya wakili. Alikuwa ameandika juu ya mto unaopita karibu na machimbo ya dhahabu upande wa Migori, jinsi picha za miezi minane zinavyoonyesha maji yakigeuka kuwa tope zito kuanzia pale kwenye mashimo. Barua inamtaka aombe radhi katika siku saba. Nilimkuta nyumbani kwake akiisoma, miguu juu ya stuli, chai pembeni.

"Wanasema nimekosea," akaniambia. "Hawasemi wapi."

"Utafanya nini?"

"Nimewaandikia waniambie wapi. Kama ni kweli nitasahihisha." Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. "Una mafuta kwenye hiyo pikipiki yako? Nataka nikauone huo mto kwa macho kabla mvua haijanyesha."

Nilikuwa nayo ya kutosha kwenda tu. Tukaenda.